Tangi Dogo Halitaki Wapangaji Wengi

Najua nimeadimika wiki mbili tatu hizi. Majaribio yalibana, maktaba ikawa ndiyo nyumbani, na kila nikitaka kuandika usingizi unanitangulia. Sasa nimepumua kidogo, na kuna jambo linanikera ambalo nimeona nilitoe hapa. Leo siongelei bumu wala foleni ya Mbagala. Naongelea samaki. Si wa kukaanga, wa kufuga.

Hivi mmeona jinsi matangi ya samaki yalivyojaa mitaani? Ukizunguka Mwananyamala, Kijitonyama, ukashuka Chang'ombe mpaka Mtoni, utayakuta saluni, utayakuta kwenye ofisi za wakala wa fedha, utayakuta sebuleni pembeni ya televisheni. Jambo zuri sana, mimi mwenyewe ni mgonjwa wa samaki, na mjomba ananivumilia na tangi langu hapo Mtoni. Tatizo ni namna tunavyowachagua. Tunachagua samaki kama tunavyochagua kitenge: hii njano inawaka, hii bluu inapendeza, weka na hiyo nyekundu, funga tuondoke. Wiki ya pili mtu analalamika samaki wanakufa, eti ana mkono mbaya. Mkono hauna kosa. Kosa ni kukusanya watu wasioivana chumba kimoja na kufunga mlango.

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kubisha aanze kujiandaa: kwenye tangi dogo la nyumbani, swali la kwanza si "samaki gani mzuri", ni "nani anaweza kuishi na nani". Na kwa samaki wa jamii ya sikilidi, jibu la kweli kwa tangi dogo mara nyingi ni AINA MOJA TU. Basi.

Msiogope jina. Sikilidi mnawajua, mmewala sana. Perege ni sikilidi, sato ni sikilidi, ngege ni sikilidi, furu wa Ziwa Victoria ni sikilidi. Na hapa ndipo Mtanzania anapotakiwa kuvimba kichwa kidogo, maana maziwa yetu matatu makubwa ndiyo makao makuu ya samaki hawa duniani. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200, na karibu zote hazipatikani popote pengine. Ziwa Nyasa (majirani zetu wanaliita Malawi, tusigombane leo) lina zaidi ya 500. Ziwa Victoria inakadiriwa lilikuwa na aina kama 500 za furu kabla mambo hayajaharibika, na hilo nitalirudia. Wafugaji wa Ujerumani na Marekani wanataja Kigoma, Kipili, Ikola na Kasanga kama sisi tunavyotaja vituo vya daladala, kwa sababu samaki wanauzwa kwa jina la mahali walikotoka. Mtu wa Berlin anaijua Ikola. Muulize mwenzako wa hosteli Ikola iko mkoa gani uone atakavyokutazama.

Sasa kwa nini sikilidi ni wagomvi hivi? Kwa kifupi ni kwamba ni wazazi wazuri mno. Samaki wengi hutaga mayai na kwenda zao. Sikilidi hulinda. Wengine huatamia mayai mdomoni mpaka vifaranga watoke, wengine hutaga pangoni na kukaa mlangoni kama mlinzi wa geti la benki. Anayelinda watoto lazima awe na eneo, na mwenye eneo lazima afukuze wapitaji. Kule ziwani hakuna shida. Anayefukuzwa anaogelea mita mbili tatu, mwenye eneo anaridhika, ugomvi umekwisha. Kwenye tangi la sentimita 60 hizo mita mbili hazipo. Anayefukuzwa anafika kwenye kioo, anageuka, anakutana na yuleyule. Kwa mfukuzaji inaonekana huyu kiumbe kakataa kuondoka, kwa hiyo kipigo kinaendelea mpaka mmoja aelee juu tumbo wazi. Si kwamba samaki ni mkatili. Sisi ndio tumemjengea nyumba isiyo na mlango wa nyuma.

Kuna mshkaji wangu tunasoma naye, anakaa Mwananyamala. Bumu lilipoingia alikwenda duka moja la samaki wa mapambo (jina tuliache) akiwa na tangi la 60 kwa 30 kwa 30. Tukokotoe kidogo, si ndiyo tunasomea ualimu: 60 × 30 × 30 ni sentimita za ujazo 54,000, yaani lita 54, tena ukilijaza hadi ukingoni. Humo akauziwa oska wawili wadogo, wale wa njano wanne, goldfish watatu na yule mweusi anayenyonya kioo. Alipouliza kama wataelewana akajibiwa, "Watazoeana tu, kaka."

Watazoeana! Jamani, hebu tuwachambue hawa wapangaji mmoja mmoja.

Oska anatoka Amerika Kusini, huko bonde la Amazon. Dukani ana urefu wa kidole. Akipata chakula vizuri anafika sentimita 30, yaani anakuwa na upana wa tangi lenyewe. Hawezi hata kugeuka. Na kila kinachoingia mdomoni mwake ni chakula, jirani akiwemo. Wale wa njano, kama ni wa kweli, wanaitwa Labidochromis caeruleus, wa Ziwa Nyasa, wanataka maji magumu yenye alkali na rundo la mawe. Goldfish ni wa maji ya baridi, ana mapezi marefu yanayopepea kama bendera na hajui kupigana, na anachafua maji kuliko unavyodhani. Yule mnyonya kioo huuzwa kama mfanya usafi, lakini aina ya kawaida huvuka sentimita 30 naye. Kwa hiyo tuna mabara matatu, maji ya aina tatu, vinywa vya saizi tatu, ndani ya lita 54. Baada ya wiki mbili goldfish wote walikuwa wameliwa mikia, na mwisho wa mwezi wakabaki oska wawili, na hao nao wameanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Hela ya chakula cha mwezi mzima imekwenda na maji.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo hoja yangu ilipo. Kuna mtu atasema, "Samaki wachache wa sebuleni wamekufa, ndiyo uandike insha?" Nasema ndiyo, kwa sababu kosa hilihili tumeshalishuhudia nchini kwetu kwa ukubwa wa kutisha. Mfano mkubwa kuliko yote duniani wa kuchagua mpangaji asiyefaa ni Ziwa Victoria.

Sangara hakuwepo Ziwa Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, enzi za wakoloni, kwa wazo ambalo mezani lilionekana la maana: furu ni wadogo, wana miba, hawana soko, tulete samaki mkubwa awale, kisha sisi tumle yeye. Kwa miaka kama ishirini hakukuwa na kishindo. Ilipofika miaka ya 1980 sangara wakalipuka, na furu wakaanza kupotea aina moja baada ya nyingine. Watafiti wanakadiria kama aina 200 huenda zimetoweka kabisa. Haki isemwe, sangara hakuwa peke yake kwenye kesi hiyo. Uvuvi uliozidi na maji yaliyochafuka kwa mbolea na majitaka navyo vilichangia, na baadhi ya furu wamerudi kwa kiasi tangu miaka ya 1990. Haki isemwe pia kwamba minofu ya sangara imelisha familia nyingi Mwanza na kuleta fedha za kigeni. Mjadala huo ni mrefu. Wanaokumbuka filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004 wanajua ilivyowasha moto mpaka Rais Kikwete akaikosoa hadharani mwaka 2006.

Mimi nachukua funzo moja tu. Ziwa lile lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Lina visiwa, miamba, matete, vina virefu na vifupi. Bado mpangaji mmoja mwenye mdomo mkubwa alitosha kugeuza nyumba nzima ndani ya muda mfupi kuliko umri wa mzazi wako. Sasa wewe una lita 54, jiwe moja na ua la plastiki. Unategemea nini?

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, uliza maswali manne. Haya ningeyaandika ukutani kwenye kila duka la samaki kuanzia Kinondoni hadi Mbagala.

1. Anatoka maji gani? Ziwa Tanganyika lina alkali kali, pH inakaribia 9. Nyasa iko juu kidogo ya 8. Samaki wa Amazon wengi wanapenda maji laini, pH ya 7 kushuka chini. Ukiwachanganya lazima mmoja aishi maisha yake yote kwenye maji yasiyo yake. Hafi siku hiyohiyo, ndiyo maana watu hawaamini. Anadhoofika, rangi inafifia, anapata fangasi, halafu unaambiwa bahati mbaya.

2. Anakula nini? Tropheus wa Ziwa Tanganyika, wale wanaokwangua mwani kwenye mawe, wana utumbo mrefu wa kusaga majani. Ukiwaweka na mla nyama na kuwapa wote chakula kimoja chenye protini nyingi, wanavimba tumbo na kufa kwa mkupuo. Wanataka pia kundi kubwa na tangi kubwa, kwa hiyo kwa mwanafunzi wasahau kabisa, hata wakikutazama kwa huruma.

3. Akikua atafika wapi? Usinunue samaki uliyemwona, nunua samaki atakayekuwa. Muuzaji akisema "huyu hakui, anafuata saizi ya tangi", muage kwa heshima. Samaki aliyedumaa kwa kukosa nafasi na maji safi ni mgonjwa, si mdogo.

4. Anaishi sehemu gani ya tangi, na nani ndugu yake? Wapo wa mchangani, wa kwenye mawe, wa katikati ya maji. Ugomvi mkali zaidi huwa kati ya wanaotaka sehemu moja au wanaofanana sura na rangi, maana kila dume anamwona mwenzake mshindani. Halafu kuna suala la uchotara. Furu wa Victoria, mathalani, majike wa aina tofauti wanafanana sana, na madume ndiyo yenye rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya ziwa yakitiwa ukungu, majike hawatambui vizuri rangi za madume na aina zinaanza kuchanganyika. Ukiweka aina mbili za furu kwenye tangi moja dogo, usishangae kupata watoto ambao si wa huku wala si wa kule.

Haya, mtauliza: kwa hiyo tufuge nini? Sitaki niwe mlalamikaji tu kama wanasiasa wakati wa kampeni. Nitawapa mapendekezo yangu kwa tangi za saizi tunazoweza kumudu.

Tangi la lita 54 kama la mshkaji wangu: weka Neolamprologus multifasciatus, na usiongeze mtu. Huyu ni mmoja wa sikilidi wadogo kabisa duniani, dume anafika sentimita 4 hadi 5, jike pungufu ya hapo. Kwao ni upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, na nyumba yake ni ganda tupu la konokono. Ziwani kuna maeneo ambapo maganda ya konokono wa Neothauma yamelundikana, na hawa jamaa wameyageuza mtaa. Anza na watano au sita, mchanga mlaini wa unene wa sentimita 5 hivi, na maganda mengi kuliko samaki, angalau matatu kwa kila mmoja. Neothauma huwezi kuwapata Dar kirahisi, lakini maganda ya konokono wengine yanafaa ilimradi mdomo wa ganda unatosha samaki kuingia na hauna ncha. Yachemshe kwanza.

Kisha kaa utazame. Jike anachagua ganda lake, analichimbia mchanga kwa mdomo mpaka linazama na kubaki tundu tu. Akitokea jirani anasogeza mchanga wake kwenye mpaka wa mwenzake, mwenzake anaurudisha. Kesi za mipaka kama baraza la kata! Vifaranga wanatokea mlangoni wadogo kama nukta, na hawafukuzwi, wanakulia palepale. Baada ya miezi kadhaa una ukoo mzima, na hakuna aliyekatwa mkia. Anayesema tangi la aina moja linaboa hajawahi kukaa mbele ya hawa kwa nusu saa.

Tangi la 80 kwa 40 kwa 40, ambalo ni lita 128: hapo unaweza kuwa na aina mbili, kwa masharti. Upande mmoja mchanga na maganda kwa hao multifasciatus. Upande wa pili lundo la mawe lenye nyufa kwa jozi MOJA ya Julidochromis, mfano Julidochromis transcriptus anayeishia kama sentimita 7. Huyu ni wa kwenye nyufa, yule ni wa mchangani. Wanaivana si kwa sababu wanapendana, ni kwa sababu hawataki kitu kimoja. Acha uwanda mtupu katikati uwe mpaka, na mawe yakae chini kabisa kwenye sakafu ya kioo kabla ya mchanga, yasije yakaporomoka wakichimba.

Kuna mwingine anaitwa Neolamprologus brichardi, mrembo sana, mkia kama mwezi mchanga. Alipewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Burundi. Tabia yake itawafurahisha waliolelewa na dada zao: watoto wakubwa hawaondoki, wanabaki kusaidia wazazi kulinda wadogo zao. Tatizo ni kwamba familia ikishaungana hivyo, mgeni yeyote ndani ya tangi dogo amekwisha. Wafuge, ila peke yao.

Mbuna wa Nyasa, wale wa rangi zinazowaka? Natamani niseme ndiyo. Yupo mmoja anaitwa Chindongo demasoni, bluu na michirizi meusi, anatoka upande wa Tanzania wa ziwa, huko Pombo Rocks. Mdogo wa sentimita 7 au 8 lakini roho ya bondia. Kwa mbuna, chini ya lita 200 na urefu wa mita moja na ushee, mimi nasema hapana. Najua kuna ujanja wa kujaza samaki wengi ili ugomvi ugawanyike asionewe mmoja. Ujanja huo ni wa kweli, lakini unafanya kazi kwenye tangi kubwa lenye chujio la nguvu. Kwenye lita 54 ni kujiua kikemia. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia, na pH ikiwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inakuwa katika umbo la sumu. Maji yaleyale ya alkali wanayoyapenda sikilidi wetu ndiyo yanayofanya msongamano uue haraka. Wanakemia mnisahihishe kama nimeteleza.

Tukishafika kwenye maji, tuongelee maji ya Dar, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya watu wa baridi. Wanasema nunua hita. Hita Temeke ya nini? Shida yetu ni joto. Maji yakipanda sana oksijeni inapungua, kwa hiyo tangi likae mbali na dirisha la jua, na pampu ya hewa iwepo. Umeme ukikatika usiku mzima, tangi lenye samaki sita litavumilia. Lenye ishirini utaamka na msiba. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka wachache. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Maji ya visima vya huku kwetu mara nyingi yana chumvi, na chumvi si sawa na ugumu wa maji unaotokana na kalsiamu, msichanganye. Mkitaka kupandisha ugumu, tafuteni mawe ya chokaa, yale yanayochimbwa upande wa Kunduchi na Boko. Dondoshea siki, likitoa povu ndilo. Lioshe, liweke. Matumbawe hai ya baharini yaacheni baharini, yana wenyewe. Na tangi likae wiki nne hadi sita likijenga bakteria wa kula amonia kabla halijabeba samaki wote. Ukishaanza, badilisha robo ya maji kila wiki. Hakuna uchawi.

Kwa sisi tunaosomea ualimu kuna jambo la ziada. Muda si mrefu tutapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na wengi wetu tutapewa mada ya mageuko tuifundishe kwa kutumia ndege wa visiwa vya Galapagos ambao mwanafunzi wa Mbagala hatawaona maishani. Ukweli ni kwamba mfano mzuri kuliko hao uko kwetu. Ndani ya Ziwa Tanganyika kuna samaki, Perissodus microlepis, anayekula magamba ya wenzake, na mdomo wake umepinda: wengine kushoto wanaoshambulia ubavu wa kulia, wengine kulia wanaoshambulia wa kushoto. Upande mmoja ukizidi, samaki wanaowindwa wanajihadhari na upande huo, wa upande wa pili wananufaika, mizani inarudi. Mjapani Michio Hori aliliandika hilo mwaka 1993 na dunia nzima ya baiolojia ikatega sikio. Tangi dogo la maganda pembeni ya ubao lingefundisha himaya, malezi na uteuzi wa asili kuliko notisi kurasa kumi. Lakini lazima liwe limepangwa vizuri. Tangi la vurugu litamfundisha mtoto kwamba samaki ni mapambo yanayokufa ukanunua mengine.

Na la mwisho, naomba mlichukue kwa uzito. Mkishindwa kufuga, MSIWAMWAGE MTONI. Nimesikia watu wakisema, "Nitamwachia Msimbazi akajitafutie." Hapana, ndugu yangu. Wala Kizinga, wala Mzinga, wala Ruvu tunakotegemea maji ya kunywa. Ruvu ina perege wake wa asili, na watafiti wameshaona sato walioletwa kutoka kwingine wakizaliana na perege wa asili kwenye mito na mabwawa ya nchi hii. Ukishamwaga huwezi kumrudisha. Walioingiza sangara nao hawakuwa na nia mbaya. Mpe mwenzako, mrudishe dukani, ikishindikana kabisa kuna njia nyingine, lakini si mtoni.

Nisiwachoshe. Najua wapo watakaosema hela ni zangu, tangi ni langu, nitaweka ninavyotaka. Sawa, hela ni zako. Ila samaki hakukuomba umlete sebuleni, na hana pa kukimbilia zaidi ya pale ulipomwekea. Mwenye nyumba wa uswahilini akipangisha vyumba sita huuliza kwanza mpangaji ni nani, anafanya kazi gani, ana watoto wangapi. Na hao wapangaji wana miguu, wakichoka wanahama.

Naomba kutoa hoja. Wenye matangi semeni mna wapangaji gani, na wanaobisha karibuni, nipo mpaka Jumapili kabla majaribio hayajaanza tena.